Kwa nini vituo 1,000 vinatosha kukagua kura za nchi nzima?

Uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2022 ulikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura na wapigakura zaidi ya milioni 22 katika daftari. Kundi la waangalizi wa ndani, ELOG, ambalo ni muungano wa mashirika ya kiraia na ya kidini, lilikadiria kura ya urais kwa kutumia vituo 1,000 tu. Likapata William Ruto asilimia 50.7 na Raila Odinga asilimia 48.7. Hesabu rasmi ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilikuwa asilimia 50.49 kwa 48.85.

Yaani kwa kila kituo kimoja kilichoingizwa kwenye hesabu, vingine 45 viliachwa. Kilichowezesha makadirio hayo kukaribia hivyo si kompyuta ya ajabu. Ni wananchi wa kawaida, walimu, wanafunzi, waumini wa kanisa na msikiti, waliokaa kituoni tangu alfajiri wakiwa na kalamu na simu.

Kazi hii huitwa ujumlishaji sambamba wa kura. Ufilipino mwaka 1986, watu wa NAMFREL, kundi la raia la kuangalia uchaguzi, walijaribu kujumlisha kila kituo walichoweza kukifikia, dhidi ya hesabu za serikali ya Ferdinand Marcos. Baadaye njia ya sampuli ikashika, na kufikia 1991 Zambia ilikuwa imeitumia katika uchaguzi uliomwondoa Kenneth Kaunda.

Msingi wake ni karatasi. Nchini Kenya upigaji kura hufungwa saa kumi na moja jioni, kisha kura huhesabiwa palepale. Msimamizi wa kituo huinua kila karatasi ya kura juu, akaitaja, na mawakala wa vyama wakachora vijistari vyao pembeni. Zikishapatana, namba huandikwa kwenye Fomu 34A, mawakala hutia saini na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa mlangoni. Mwangalizi wa sampuli hunakili namba hizo na kuzituma kwa ujumbe mfupi: namba ya kituo, kura za kila mgombea, kura zilizoharibika. Jumla ikizidi idadi ya waliosajiliwa hapo, simu yake italia na ataambiwa arudi mlangoni akasome upya.

Karatasi hiyo ya mlangoni ina uzito wa kisheria. Mwaka 2016 wanaharakati wa haki Maina Kiai, Khelef Khalifa na Tirop Kitur walikwenda mahakamani kupinga utaratibu ulioyafanya matokeo ya huko chini kuwa ya muda mpaka Nairobi iyathibitishe. Walishinda, na Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ikasimama na uamuzi huo. Ndiyo maana msemo wa wanasiasa wa upinzani mwaka ule, wa "vifaranga vya kompyuta", yaani viongozi waliozalishwa na kompyuta badala ya kura, uliacha sehemu kubwa ya hadithi nje. Kabla ya namba kuingia kwenye sava yoyote, tayari zimeshabandikwa ukutani kwa gundi, na yeyote mwenye simu anaweza kuzipiga picha.

Sasa turudi kwenye vile 1,000. Wengi wetu tunaamini kwamba sampuli huwa nzuri kwa sababu ni sehemu kubwa ya kitu kizima, kwa hiyo nchi kubwa inahitaji sampuli kubwa. Imani hiyo ina mantiki ya kawaida kabisa, na si kweli.

Fikiria mnunuzi wa mahindi aliyeletewa lori la magunia. Hafungui kila gunia. Anachukua bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji, anadunga gunia, punje zinateleza hadi kiganjani, naye anaangalia kama zina unyevu au zimeliwa na dumuzi. Akidunga magunia 30 aliyoyachagua bila mpango, atajua hali ya lori. Je, yakiwa malori matatu ya mahindi hayohayo yaliyochanganyika, atahitaji kudunga magunia 90? Hapana. Yaleyale 30, yakichaguliwa bila upendeleo katika malori yote, yatampa jibu la uhakika uleule, au karibu sawa. Kinachoamua ubora wa jibu ni idadi ya magunia yaliyodungwa, si sehemu gani ya shehena imedungwa.

Ila mnunuzi huyohuyo anajua hila mbili. Ya kwanza, muuzaji hupenda kusogeza mbele magunia mazuri. Kwa hiyo magunia lazima yaangukiwe na bahati nasibu, na muuzaji asijue mapema ni yapi. Waangalizi hufanya vivyo hivyo. Vituo huchaguliwa kwa bahati nasibu, lakini kila kaunti ikipewa fungu lake kulingana na ukubwa wake, na orodha huwekwa siri. Ya pili, punje za gunia moja hufanana, kwa kuwa zimetoka shamba moja. Kuchota bambo kumi kwenye gunia moja hakukufundishi mengi kuliko kuchota mara moja. Wapigakura wa kituo kimoja nao hufanana: kijiji kimoja, lugha moja, mara nyingi mgombea mmoja. Ndiyo sababu waangalizi huhesabu vituo, hawahesabu kura. Vituo 1,000 huweza kuwa na kura laki kadhaa, lakini kwa hesabu za kosa hizo si laki kadhaa za maoni huru. Hapo ndipo watu wengi hujidanganya kwa kujumlisha kura zilizomo kwenye sampuli na kudhani wamefika mbali.

Kosa hili la kuamini wingi lilionekana waziwazi usiku wa Agosti 2022. IEBC iliweka picha za Fomu 34A mtandaoni, kila mwananchi azione. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha, kila kimoja kikianzia fomu alizozifungua karani wake. Saa chache baadaye runinga moja inaonyesha huyu anaongoza, nyingine inaonyesha yule, na wote wana vituo maelfu, vingi kuliko vya ELOG. Watu wakaona uongo. Hapakuwa na haja ya kuwapo uongo wowote. Fomu za kwanza kufunguliwa ni magunia yaliyo karibu na mlango wa lori. Vituo 10,000 vilivyokuja kwa mpangilio wa nani amewahi, vina thamani ndogo kuliko 1,000 vilivyoteuliwa kwa bahati nasibu, na kadiri namba inavyokua ndivyo mtazamaji anavyozidi kuamini kitu kisichostahili kuaminiwa.

Basi kwa nini wasichukue vituo vingi zaidi, ili kumaliza ubishi? Kwa sababu faida hupungua haraka. Kosa la makadirio ya ELOG mwaka 2022 lilikuwa asilimia 2.1 juu au chini. Ukitaka kulikata kosa hilo nusu, huongezi vituo mara mbili, unaviongeza mara nne. Zingekuwa timu 4,000 zenye mafunzo, nauli na simu za kuwahakiki, kwa ajili ya kufika karibu asilimia 1. Na hata hapo, tofauti ya Ruto na Odinga ilikuwa kura 233,211, yaani asilimia 1.64, na kosa la karibu 1 kwa kila mmoja wao lingetosha kuimeza.

Hapa ndipo makadirio yale yanapopewa sifa isiyo yake. Wengi waliyachukua kama uthibitisho wa nani alishinda. Hayakuweza kuwa hivyo. Asilimia 50.7 ikiyumba kwa 2.1 inaweza kuwa 48.6, chini ya nusu ambayo katiba inataka mshindi aivuke. Kilichoweza kusemwa ni kwamba hesabu rasmi imeangukia pale ambapo ingetarajiwa kama fomu za milangoni zimejumlishwa kwa uaminifu. Kwa wakati ambapo makamishna wanne wa tume walikuwa wameyakana matokeo mbele ya kamera, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini ni dai la kiasi, na ubishi ukabaki wa Mahakama ya Juu, iliyoidhinisha matokeo tarehe 5 Septemba.

Kuna mambo ambayo bambo haliyaoni kabisa. Mwaka 2017 ELOG ilikadiria Uhuru Kenyatta asilimia 54, na tume ikatangaza 54.27. Zilikaribiana mno. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaufuta uchaguzi wenyewe, hasa kwa kasoro za jinsi matokeo yalivyosafirishwa na kuthibitishwa. Hakuna mgongano hapo. Sampuli huuliza kama jumla inafanana na karatasi za vituoni, mahakama iliuliza kama sheria ilifuatwa. Vilevile, kura za bandia zikishatumbukizwa sandukuni na kuhesabiwa pamoja na halali, mwangalizi atazinakili kwa uaminifu wote. Hongo ya wiki iliyopita na jina lililofutwa daftarini havipo mlangoni.

Na namba nzuri zinaweza kukosa pa kwenda. Katika uchaguzi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wa Desemba 2018, Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi karibu 40,000. Maaskofu wakasema wanajua aliyeshinda, lakini hawakumtaja, kwa kuwa sheria imeiachia tume ya CENI pekee haki ya kutangaza. Januari 2019 CENI ikamtangaza Félix Tshisekedi, na maaskofu wakajibu kwamba matokeo hayo hayalingani na takwimu zao. Akaapishwa.

Je, kuwapo kwa wananchi wenye simu kunazuia wizi, au kunauhesabu tu? Ushahidi hapa ni mchache, ila mmoja unavutia. Afghanistan, uchaguzi wa bunge wa 2010, watafiti Michael Callen na James Long walichukua vituo 471 na kwa bahati nasibu wakapeleka barua kwenye takriban nusu yake. Barua ilimwarifu msimamizi kwamba fomu ya matokeo itapigwa picha na kulinganishwa na itakayofika kwenye tume. Kura za wagombea wenye nguvu za kisiasa zilipungua kwa karibu robo kwenye vituo vilivyopata barua. Ni nchi moja na uchaguzi mmoja, na mwizi anayejua ni kituo kipi kinatazamwa anaweza kuhamia cha jirani. Hilo ndilo linalofanya orodha ya vituo 1,000 iwe siri mpaka kura zihesabiwe.