Katuni ukiitia mtandaoni bado ni yako

Pale Mkunguni utawasikia vijana wa Lamu wanaochora katuni nzuri kisha wakazifungia kwenye simu. Sababu ni ileile: ukishaitia mtandaoni ni ya kila mtu, ila kama umeisajili kwanza.

Sivyo. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ni yako tangu ulipoichora, na hulindwa hadi miaka 50 baada ya kufa kwako. Usajili wa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni hiari. Cheti ni ushahidi, tena ushahidi mzuri, lakini sicho kinachokupa haki. Kisicholindwa ni wazo tupu. Punda mbishi anayegoma na mawe ya ujenzi katikati ya kichochoro cha Langoni, yeyote aweza kumchora. Punda wako, kwa sura na maneno yake, hapana.

Wezi wapo, sikatai. Kwa hiyo saini isikae ukingoni inakokatwa kwa kidole kimoja. Itie ndani ya mchoro, hata kwenye shogi la punda. Tunza faili la awali lenye tabaka zake zote. Kisha toa kurasa wima, zinazosomeka kwa simu, siku ileile kila wiki. Wasomaji wakishaizoea Ijumaa yako, mwizi ndiye atakayeulizwa kaitoa wapi.