Unafanyia kazi nyumbani? Madai ya umeme na bando mpelekee mwajiri

Januari 27 na 28, 2025, barabara kadhaa za Dar es Salaam zilifungwa kupisha mkutano wa nishati wa wakuu wa nchi za Afrika, na watumishi wa umma jijini wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Tangu hapo kuna swali linalorudi kwenye dawati letu la elimu kwa mlipakodi kila wiki: nimetumia umeme wangu na bando langu kwa kazi ya mwajiri, unafuu wangu wa kodi naudai wapi?

Kwa mwajiriwa wa Tanzania Bara unafuu wa namna hiyo haupo. Fomu yake haipo pia, kwa hiyo tafadhali tusiwalaumu vijana wa kaunta kwamba wameificha. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, inaruhusu kutoa gharama kwenye mapato ya biashara na ya uwekezaji. Mapato ya ajira hayamo. Kinachotolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa PAYE, yaani kodi ambayo mwajiri anakukata kila mwezi, ni mchango wako kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii unaotambulika, yaani ile NSSF au PSSSF unayoiona kwenye slipu.

Najua habari hii imetoka wapi. Kuna sauti na video zinazopita kwenye makundi ya WhatsApp, ndugu aliyeko Uingereza anawaeleza wenzake jinsi alivyodai. Hasemi uongo. Kule kulikuwa na kiwango cha pauni 6 kwa wiki kuanzia Aprili 2020. Lakini hizo 6 si fedha alizorudishiwa, ni kiasi kilichoondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Anayetozwa 20% alipata pauni 1.20 kwa wiki. Baadaye masharti yakabanwa, anayekaa nyumbani kwa hiari yake akawa hastahili, na kuanzia Aprili 6, 2026 madai hayo yamefutwa. Mwajiri wa kule bado anaweza kumrejeshea mfanyakazi gharama hizo bila kodi. Na hapo ndipo sheria yao na yetu zinapokutana.

Sheria yetu inasema posho ambayo ni marejesho tu ya fedha uliyotumia kwa ajili ya kazi hiyo na si kwa jambo jingine, haiingizwi kwenye mapato ya ajira. Posho nyingine zinaingia. Tofauti hii ndiyo ningependa watu waondoke nayo, maana tunaieleza mpaka sauti inakauka.

Chukua mfanyakazi wa mshahara wa 1,200,000 kwa mwezi. NSSF 10% ni 120,000, inabaki 1,080,000 ya kutozwa. Kwa viwango vya sasa, 1,000,000 ya kwanza ina kodi ya 128,000, na 80,000 iliyozidi inatozwa 30%, yaani 24,000. PAYE yake ni 152,000. Mwajiri akimwongezea 100,000 kila mwezi na kuiita "posho ya kufanyia kazi nyumbani", bila risiti wala hesabu yoyote, 30,000 inakwenda kwenye kodi. Akimrejeshea 100,000 aliyoitumia kweli kwa kazi na ushahidi upo, anaipokea yote. Fedha ni ile ile na mwajiri ni yule yule. Kilichobadilika ni karatasi.

Sasa, karatasi zenyewe. Dada mmoja wa Tabata alikuja na bahasha ya khaki imejaa tokeni za LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, alizozichapisha, moja ya 50,000 kwa kila mwezi. Tukaitandaza moja mezani. Ndani ya 50,000 kulikuwa na 1,500 ya kodi ya jengo. Hiyo haihusiani na kazi yake, na kwa kuwa yeye ni mpangaji, nikamwambia hiyo wamalizane na mwenye nyumba. Iliyobaki, 48,500, ilikuwa na VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1%, na umeme wenyewe yuniti 136. Nikamuuliza, yuniti hizi zote ni za kazi? Akacheka. Kuna friji, kuna pasi, kuna pampu ya maji.

Tukapiga hesabu. Kompyuta mpakato ya wati 65 na feni ya wati 60, saa 8 kwa siku, siku 22 kwa mwezi: yuniti 22. Kwa bei anayonunulia, pamoja na tozo, ni kama shilingi 7,800. "Kaka, yaani bahasha yote hii ni ya elfu saba?" Ndiyo, dada yangu. Hata kama tungekuwa na unafuu wa mtindo wa Uingereza, kwa kiwango chake cha 30% angeokoa 2,350 hivi kwa mwezi. Akimwandikia mwajiri dai la marejesho, anapata 7,800 kamili, pamoja na bando kama lilinunuliwa kwa ajili ya kazi. Nauli ya kuja kwetu peke yake ilikuwa imeshakula sehemu ya faida hiyo.

Kwa hiyo dai liandikwe, liambatane na risiti, lioneshe namna sehemu ya kazi ilivyokokotolewa, liidhinishwe na msimamizi, na lilipwe kwa hati ya malipo iliyo tofauti na orodha ya mishahara. Vifaa vya kazi ukivinunua dukani, dai risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti; mnunuzi asiyedai risiti naye anatenda kosa, si muuzaji peke yake. Kodi ya pango usiiweke humo. Mwajiri akikulipia nyumba, hiyo ni stahili inayotozwa kodi kwa kanuni zake.

Waajiri nao wasikilize, kwa sababu mzigo ukiharibika unawaangukia wao. PAYE inalipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Ukaguzi ukibaini kwamba "marejesho" yalikuwa posho iliyobadilishwa jina, kodi ambayo haikukatwa inadaiwa kwa mwajiri, pamoja na riba. Kuchelewesha ritani, yaani taarifa ya kodi, kuna adhabu ya 2.5% ya kodi ambayo haijalipwa au kiwango maalumu cha kisheria, kilicho kikubwa kati ya hivyo, kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Sehemu ya mwezi ina maana hata siku moja, na hatujui tuliseme vipi zaidi ya hapo. Asiyekubaliana na makadirio ana siku 30 kuwasilisha pingamizi, na lazima alipe kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokipinga, kilicho kikubwa kati ya hivyo. Barua ya malalamiko isiyo na malipo hayo haihesabiki kuwa pingamizi.

Aliyejiajiri na anatunza hesabu ni habari nyingine. Yeye anatoa gharama za biashara yake, zikiwemo sehemu halali za umeme na intaneti. Ila anayetozwa kwa kigezo cha mauzo, chini ya milioni 100 kwa mwaka, gharama hazimpunguzii kitu.

Kumbukumbu zote zitunzwe miaka 5. Na hapa niongeze jambo ambalo halimo kwenye sheria: karatasi ya EFD inafifia, ukiiacha kwenye gari la Dar miezi michache inabaki nyeupe. Itoe kopi siku hiyo hiyo, kisha andika kwa kalamu juu ya kopi ilikuwa ya nini.