Utabiri Mmoja, Vilima Vingi: Mwinuko Unavyobadili Hali ya Hewa Dodoma

Mvua za Msimu zikianza, kati ya Novemba na Aprili, malalamiko kwetu watabiri huwa yaleyale: "Mlisema mvua, mbona Bahi jua linawaka?" Utabiri wa kila siku hutolewa kwa mkoa, na Mkoa wa Dodoma si uwanja tambarare. Kituo cha uwanja wa ndege wa Dodoma kiko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Bahi, ndani ya Bonde la Ufa, iko karibu mita 830, na Kondoa mjini inakaribia mita 1,400.

Kwa joto la mchana hesabu ni rahisi. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.65. Dodoma mjini ikitabiriwa nyuzi 31, Bahi itegemee 33 na Kondoa 29. Mchana mkavu wa Oktoba tofauti hukaribia nyuzi 1 kwa kila mita 100.

Usiku, hesabu hiyo iwekeni kando. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, anga likiwa jeupe na upepo umetulia, ardhi hupoteza joto haraka. Hewa iliyopoa huwa nzito, huteremka kilimani na kutuama bondeni. Mwenye kitalu cha nyanya bondeni huamkia baridi kali kuliko jirani aliye mita 50 juu yake. Kuhamishia miche bondeni ili kukwepa "baridi ya mlimani" ni kosa, na tumelisema mara nyingi. Kitalu kikae katikati ya mteremko: kileleni kitapigwa na upepo wa kusi.

Mvua haina hesabu ya namna hiyo. Kinachoamua ni upande wa mlima. Upepo wenye unyevu ukipanda mlima hupoa na kumwaga maji upande unaoukabili. Ukishuka ng'ambo hupata joto na kukauka. Ndiyo sababu milima ya Rubeho ina misitu upande wa mashariki, na nchi iliyo magharibi yake ni kame. Aidha, mvua inayotoka wingu la juu hupita kwanza kwenye hewa kavu. Mtu wa Bahi huiona mikia ya mvua ikining'inia chini ya wingu na asipate tone, kwa kuwa matone hugeuka mvuke njiani.

Na jamani, mvua ya mawe si theluji. Katika tropiki nyuzi sifuri hupatikana kati ya mita 4,500 na 5,000 hivi, ndiyo maana theluji yetu iko Kilimanjaro, kwenye mita 5,895. Mawe huundwa ndani ya wingu la radi linalovuka kimo hicho. Penye mwinuko huwa na safari fupi ya kuyeyuka, hivyo hufika yakiwa makubwa.

Someni maneno ya utabiri kama yalivyoandikwa. "Maeneo machache" si wilaya nzima. "Mvua kubwa" ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Taarifa za hatari zina ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa.

Anayetaka kujua shamba lake hupata nini aweke kipima mvua mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya kimo chake, mdomo wa kipima ukiwa umelala sawa. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, kiandikwe, kimwagwe. Hata siku kavu iandikwe 0. Kipima kilicho chini ya paa husoma maji ya paa. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba.

Taasisi au kampuni yenye kituo cha hali ya hewa inatakiwa kukisajili kwa mujibu wa Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Na. 2 ya mwaka 2019. Vipimo vyako mwenyewe mpe afisa ugani na majirani. Kuvigeuza kuwa utabiri au tahadhari na kuvisambaza kwa umma bila kibali ni kosa, hata kama nia ni njema.