Namba za Tairi la Baiskeli Zinapima Nini?

Mtu anayeingia dukani na kuomba tairi la baiskeli "namba 26" anakuwa ameomba matairi yasiyopungua matatu tofauti kwa jina moja. Ndivyo nilivyowahi kurudi na tairi la 26 × 1.75 kwa ajili ya rimu ya 26 × 1 3/8. Fundi alilipaka maji ya sabuni, akalibana kwa mipini miwili ya vijiko, akalivuta mpaka jasho likamtoka, lakini waya ulio ukingoni mwa tairi haukukubali kuvuka upande wa pili.

Tatizo ni kwamba 26 hiyo ni inchi, na inchi hizo hazipimi rimu. Zilikuwa zikikadiria kipenyo cha nje cha gurudumu zima, tairi likiwa limejaa upepo. Kwa kuwa tairi nene huongeza kimo cha gurudumu, aliyetaka tairi nene na wakati huohuo gurudumu libaki na inchi 26 alilazimika kupunguza rimu, na kwa njia hiyo rimu za vipenyo mbalimbali zikaishia kuitwa jina lilelile.

Kipimo cha kutegemea ni kile cha ISO 5775, kiwango cha kimataifa cha vipimo vya matairi na rimu za baiskeli, ambacho huandikwa ubavuni mwa tairi kwa namba mbili zenye kistari katikati, mfano 37-590. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali ukingo wa tairi unapokalia rimu, nacho pia ni kwa milimita. Hii ya pili haina msamaha. Tairi langu lilikuwa 47-559 na rimu ilikuwa ya 590: pengo la milimita 31 katika kipenyo, yaani karibu sentimita 10 katika mzunguko, na waya wa tairi haunyumbuki.

Hata namna ya kuandika sehemu ya inchi katika upana, yaani namba inayofuata alama ya ×, ina uzito wake. Kihesabu, 1.5 na 1 1/2 ni kitu kimoja, lakini tairi la 26 × 1.5 hukalia rimu ya 559, ilhali la 26 × 1 1/2 hukalia ya 584, ambayo siku hizi huuzwa pia kwa jina la 27.5. Vivyo hivyo, baiskeli nyeusi za mzigo kama Phoenix, zinazovaa tairi la 28 × 1 1/2, zina rimu ya 635, na tairi la 28 × 1 5/8 × 1 3/8 halitaingia humo, kwa kuwa lenyewe ni la 622. Ajabu ni kwamba 622 hiyohiyo ndiyo 700C ya baiskeli za mbio na ndiyo 29 ya baiskeli za milimani. Majina ni matatu, rimu ni moja.

Upana una nafasi ya kuchagua, mradi rimu iumudu na tairi lipite kwenye foki na breki bila kugusa. Tyubu nayo hutanuka, hivyo huvumilia tofauti ndogo.

Kabla ya kwenda dukani, futa ubavu wa tairi la zamani kwa kitambaa chenye maji, utafute namba zenye kistari na kuzinakili zote mbili. Maandishi yakiwa yamefutika kabisa, ni afadhali kubeba gurudumu lenyewe.