Mkanda wa asteroidi haujabanana kama Majengo

Juzi jioni tumekaa nje hapa Dodoma, umeme umekatika na nyota zimejaa, mpwa wangu akaniambia: "Mjomba, kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii mawe yamebanana, chombo cha angani lazima kikwepe kama bajaji pale soko la Majengo." Kaipata kwenye filamu. Wengi wanaamini hivyo, ila sivyo.

Mawe hayo, yaani asteroidi, yapo, tena kwa mamilioni. Lakini nafasi yenyewe ni kubwa mno. Kutoka jiwe kubwa hadi jirani yake, kwa wastani, ni mamia ya maelfu ya kilomita, hata zaidi. Chombo cha Pioneer 10 kilipita humo miaka ya 1970 bila kugongwa na asteroidi. Ukiyakusanya yote hupati hata asilimia 5 ya uzito wa Mwezi, na zaidi ya theluthi ya huo ni Ceres peke yake, jiwe kubwa kuliko yote humo.

Huyo Ceres ndiye aliyeonekana kwanza. Tarehe 1 Januari 1801, kule Palermo, Italia, padri Giuseppe Piazzi aliona kinukta kikihama usiku hadi usiku. Kisha kikapotelea kwenye mwanga wa Jua, na hesabu za Gauss, kijana mwanahisabati, ndizo zilizoonyesha pa kukitafuta. Kipenyo chake ni kilomita 940 hivi: kama kwenda Dar na kurudi. Siku yake ni saa 9 tu, mwaka wake karibu 4.6 ya kwetu. Tangu 2006 anaitwa pia sayari kibete, yaani sayari ndogo isiyohesabiwa pamoja na zile nane.

Mpwa wangu akauliza, "Sasa mbona filamu zinadanganya?" Nikamwambia chombo kinachopita patupu hakiuzi tiketi.