Ukiondolewa kwenye utafiti wa kuona, uliza kigezo cha kukuondoa kiliandikwa lini

Kamati yetu ya maadili hapa Dar es Salaam inazidi kupokea lalamiko moja: mtu amevalishwa kofia ya elektrodi, yaani vipande vya kupima umeme wa ubongo, ameangalia picha kwenye skrini, kisha anaambiwa data zake hazikutumika. Anauliza ana kasoro gani. Huna kasoro. Kupepesa macho au kukaza taya huzalisha umeme unaofunika ule wa ubongo, na data hizo mara nyingi huondolewa. Tafadhali, tuache kuambiana mtaani kwamba kuondolewa ni dalili ya kifafa.

Sisi tunaangalia kigezo cha kuchagua data zipi zitumike na zipi ziondolewe kiliwekwa lini: kabla ya kuona matokeo au baada. Mtafiti akichungulia matokeo, akachagua sehemu za ubongo zilizoitikia picha za nyuso, kisha akatumia data hizohizo kuthibitisha kwamba zinaitikia nyuso, hajathibitisha kitu. Ni kuchambua mchele, ukabakiza punje ndefu tu, kisha ukatangaza kuwa gunia zima ni la punje ndefu. Mwaka 2009, Nikolaus Kriegeskorte na wenzake walipitia makala 134 za fMRI (upigaji picha wa ubongo ukifanya kazi) kutoka majarida matano makubwa. Asilimia 42 zilikuwa na angalau uchambuzi mmoja wa namna hiyo. Hao ni wataalamu, si wanafunzi.

Hata seli za neva huchaguliwa. Kwa miongo mingi, kwenye tafiti za wanyama, elektrodi nyembamba iliyoingizwa ndani ya ubongo ilisimamishwa pale seli ilipoitikia picha, zilizo kimya zikarukwa. Taasisi ya Allen, ya utafiti wa ubongo huko Seattle, Marekani, ilipochapisha mwaka 2020 rekodi za karibu seli 60,000 za panya, chini ya asilimia 10 ndizo zilizoelezeka vizuri kwa modeli zilizozoeleka, yaani hesabu za kutabiri seli itaitikiaje picha.

Kwetu hapa, linaloniuma ni nywele. Elektrodi inatakiwa kugusa ngozi ya kichwa, hivyo dada aliyesuka rasta au kushonea wivingi hurudishwa mlangoni. Akiachwa kimyakimya, ripoti itasema "Watanzania" wakati waliopimwa wengi ni wanaume. Ripoti itaje wangapi waliachwa na kwa nini, na washiriki waelezwe kabla hawajapanda daladala kuja.

Utaratibu ni huu. Utafiti wa afya huhitaji kibali cha maadili, na kile cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) hudumu mwaka mmoja. Mtafiti anayetaka kubadilisha vigezo vya kuondoa washiriki huomba marekebisho ya itifaki (mpango wa utafiti ulioidhinishwa) kabla ya kuvitumia, si baada. Mtafiti wa kigeni huhitaji pia kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia). Data zilizoondolewa, maadamu zinakutambulisha, bado ni taarifa zako chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taasisi inayozifichua kwa wengine kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi bilioni 5.

Ukiwa na lalamiko, piga simu ya kamati iliyoandikwa kwenye nakala yako ya fomu ya ridhaa, utaje namba yako ya ushiriki. Fomu yenyewe usiirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Ina jina lako.