Amenawiri, lakini anaumwa: maswali kuhusu unene, sonona na mchochota

Sonona ni nini?
Huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, huku usingizi, ulaji na nguvu vikivurugika. Kugombezwa na bosi siku moja si sonona.

Mtu mnene anaweza kuipata?
Ndiyo. Mama anakuja kliniki kwangu na magoti yanayouma, mizani inasoma kilo 104. Namuuliza kuhusu usingizi. Anaamka saa tisa usiku, analia bafuni watoto wasisikie. Ndugu aliyemsindikiza anacheka: "Huyu? Mwenye mawazo ananawiri hivi?"

Ndiyo, ananawiri hivi hivi. Sonona haimkondeshi kila mtu; wengine huwafanya kula na kulala kupita kiasi.

Unene na sonona vinahusianaje?
Ukichomwa na mwiba, kidole huvimba, huwa cha moto na kuuma, kisha hupoa. Huo ni mchochota: kinga ya mwili iko kazini. Mafuta yaliyozidi, hasa ya tumboni, huchochea moto mdogo wa aina hiyo usiopoa, na kemikali zake huweza kuathiri hisia, usingizi na nguvu. Si sababu pekee, na si kila mgonjwa anao.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta wenye unene uliokithiri wana uwezekano wa kupata sonona zaidi kwa asilimia 55, na wenye sonona wa kunenepa kiasi hicho kwa asilimia 58. Kila kimoja humvuta mwenzake.

Basi ninywe diklofenaki, ile dawa ya maumivu inayotuliza mchochota?
Hapana. Tafadhali, hapana. Ukiibugia kila siku utavuna vidonda vya tumbo, figo mbovu na presha. Na zile chai za kukata kitambi? Nyingi zinakuharisha tu. Kinachopungua ni maji.

Nipungue kwanza, sonona baadaye?
Hapana. Asiyeweza kutoka kitandani unamwambia akakimbie? Vinatibiwa pamoja: ushauri nasaha, dawa ikihitajika, kutembea kidogo kidogo. Baadhi ya dawa za sonona, kama amitriptilini, huongeza uzito. Tuambie tubadilishe, usiache ghafla.

Nisubiri hadi nikonde ndipo waniamini?
Hapana! Wiki 2 zikitimia, njoo na mwili wako huo huo. Ukiwaza kufa au kujidhuru, usihesabu wiki: njoo leo, hata usiku, na mtu akushike mkono. Yule anayecheka abaki nyumbani.